Mafuta ya Ng'ombe Hayatibu Belti

Chebet mjukuu wangu,

Salamu nimeziruka. Mchana tumekula ugali sahani moja na wewe ukamaliza mboga yote, kwa hivyo najua u mzima. Umeenda kuwaaga wanakwaya wenzako na jua bado liko juu ya mikaratusi. Naandika nikiwa nimekaa kwa kiti cha kukamulia, karatasi iko juu ya ndoo niliyoigeuza. Mwandiko ukiwa mbaya usicheke. Mimi niliishia darasa la nne, lakini barua yangu haijawahi kukosa kueleweka.

Sitakuandikia habari ya kuomba, kula vizuri na kuchagua marafiki. Mama yako amekuimbia hayo wiki nzima, hata ng'ombe wameyashika. Nakuandikia habari ya kopo.

Nimekuja kukamua nikakosa kopo la mafuta ya kukamulia. Nimetafuta kwa dirisha, nimetafuta kwa ndoo, nimemtukana paka bure. Halafu nikaona boneti ya gari haijafungwa vizuri. Nikaiinua. Kopo liko hapo karibu na betri, wazi, na ndani kuna shimo la vidole viwili. Vidole vyako, Chebet. Nimevikata kucha tangu hujui kutembea, utanificha nini?

Kumbe ndiyo maana. Tukitoka kanisani gari ilikuwa inalia mpaka pasta akaziba sikio, na mchana ikanyamaza kama imeokoka. Nikakuuliza, "Imepona?" Ukaniambia, "Kogo, ilikuwa unyevu tu." Unyevu! Jua lilikuwa linakausha mahindi.

Sikukufokea palepale kwa sababu wageni walikuwepo. Sasa wageni wameenda, na wewe hauko, kwa hivyo nafoka kwa karatasi.

Kesho unahamia Mulot na gari hii, uanze kazi ya kubeba wagonjwa. Gari nimekupa mimi, sikuambiwa na mtu, na sijabadilisha nia. Kesho hiyohiyo alasiri unatakiwa kumchukua mzee Arap Rono kwake umpeleke hospitali kubwa ya Longisa akaoshwe damu, maana figo zake zimechoka. Ndiye abiria wako wa kwanza. Wagonjwa wengine wa huko wanangoja kuona huyo msichana wa Litein ni mtu wa namna gani. Na mtu wa kuoshwa damu si gunia la mahindi, huwezi kumwacha kando ya barabara ukamrudia. Akikosa zamu yake kwa mashine, maji yanamjaa mwilini mpaka pumzi inakosa mahali pa kupita. Nimemwona jirani yetu hivyo. Sitaki kumwona mwingine, na sitaki awe ndani ya gari yangu.

Sasa nisikilize kuhusu hayo mafuta, kwa sababu wewe hukuyavumbua. Mimi nilikutangulia.

Hadithi ya koito, ile posa ya baba yako mdogo Kiprono, unaijua vile baba yako huisimulia, akicheka mpaka anashika ukuta. Yeye huanza na trekta. Mimi nitaanza mahali inapoanza.

Ulikuwa mdogo, ulibaki nyumbani na ndama. Sisi tuliondoka asubuhi na mapema na gari hii, wazee wa ukoo wamevaa makoti, mimi nimevaa kitambaa kipya, tunaenda upande wa Bomet kumposea Kiprono mke. Nilikuwa na furaha ya mama anayeoza mtoto wa mwisho. Baba yako alikuwa kwa usukani. Tulipopita Sotik gari ikaanza kulia. Si mlio wa asubuhi, ule wa umande unaoisha ukipita shule mbili tatu. Huu ulikuwa unakata. Kila akikunja kona unazidi, akiwasha taa unazidi. Nguruwe akiona kisu hulia hivyo.

"Mama, hiyo ni belti," baba yako akasema. "Imelegea. Twende pole pole, ilie tu, kesho nitaipeleka kwa fundi."

"Ilie? Nifike kwa wakwe nikitangazwa na nguruwe?"

"Wakwe wanataka ng'ombe, mama. Hawataki gari."

"Simamisha. Zima. Fungua boneti."

Kwa kikapu changu nilikuwa na kopo la mafuta ya kukamulia. Nilikuwa nimelinunua kwa duka kabla ya safari, maana kurudi tungepita duka zimefungwa. Nikajiambia, chuchu ya ng'ombe ikikauka na kupasuka tunaipaka mafuta, inalainika, ng'ombe anaacha kurusha teke. Belti nayo imekauka, inalia. Tofauti iko wapi? Nikachota na vidole viwili, nikapaka ile belti ndefu yote niliyoweza kuifikia, upande wenye mistari na upande laini. Baba yako akaangalia kando kama mtu anayeona mama yake akivuka mto vibaya.

Akawasha. Kimya. Kimya kabisa!

"Mnaona?" nikawaambia. "Nyinyi wanaume mnangoja fundi."

Arap Too, mzee aliyekuwa amekaa mbele, akasema, "Huyu mama angeipaka mafuta hata radi." Wakacheka. Nikafika kwa wakwe nimenyoosha shingo, gari inateleza kama hewa, na nilihakikisha mama ya msichana ameiona ikiingia.

Maneno yalienda vizuri. Ng'ombe walikubaliwa, tulikunywa maziwa ya mursik, watu wakapakwa kichwani mafuta ya baraka. Hayo ndiyo mafuta yenye kazi yake. Tulipotoka mvua ilikuwa imeshika.

Hatukufika mbali. Kwanza taa nyekundu yenye picha ya betri ikawaka hapo mbele ya usukani. Baba yako akasema hiyo si nzuri. Nikamwambia aizime. Akaniambia haizimwi. Nikamwambia basi asiiangalie. Ndiyo, nilisema hivyo, usinisahihishe. Halafu taa za mbele zikawa njano, kisha kahawia. Waipa zikaanza kupanda kioo kama mzee anayepanda kilima, zikafika katikati zikapumzika. Halafu kukasikika kitu kimechapa chini ya boneti, pa! Belti ilikuwa imeruka. Na tulikuwa tunateremka.

Hapo ndipo nilijua belti ile moja inafanya kazi ngapi. Inachaji betri, inasukuma maji yanayopoza injini, na ndiyo inayosaidia mkono wako kugeuza usukani. Ikiruka, vyote vinalala pamoja. Usukani ulikuwa mgumu kama kumvuta ndume kwa josho. Baba yako alisimama nusu kwa miguu akiuvuta, wazee nyuma wanaomba kwa sauti, mimi siombi, mimi nampigia kelele akunje, akunje. Hakuweza kukunja yote. Tukaingia kwa shamba la chai la watu, chai ikatushika. Ungekuwa mwaka ule waliokata miti yao ya chai chini, tungeenda mpaka mtoni.

Aliyetuvuta ni nani? Wakwe. Walikuja na trekta, vijana wao wote wakiangalia, na mama ya msichana amebeba mwavuli. Ile aibu niliyoikimbia asubuhi ilinifuata jioni na trekta. Lakini hilo silo lililoniuma. Yule mama alinifunika na mwavuli, akaniita kwa jina la baba yako, akaniuliza, wala si kwa dharau, "Mama Kiplangat, mbona hamkutuambia gari ni mgonjwa? Tungewalaza hapa."

Jibu lilikuwa limepakwa kwa belti.

Kesho yake wakaivuta mpaka Litein kwa Odhiambo, yule fundi ambaye baba yake alikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani. Ni mtu wa maneno. Akaifunua ile gari, akagusa puli, yale magurudumu belti inapopita, akanusa kidole.

"Mama, uliikamua?"

Nikajifunga kitambaa upya.

"Ilitoa lita ngapi?"

Watu wa gereji wote wakaanguka kwa kicheko. Nikamwambia afanye kazi aache mdomo. Akanieleza, na maneno haya yashike. Belti hiyo haishiki puli kwa kamba wala kwa gundi, inashika kwa sababu mpira wake ni mkavu na umekazwa. Ukiipaka mafuta kelele inaisha kwa sababu imeacha kushika, inateleza. Mpira nao unakunywa mafuta, unavimba, unalainika, unaacha ile mistari yake. Akasema, "Belti ikilia bado inafanya kazi na inakuita. Ikinyamaza na bado imelegea, imeshakuacha."

Halafu akanionyesha kitu kingine, na hapa ndipo nilikosea mara ya pili. Kuna puli ndogo iko kwa mkono wenye springi. Wanaiita tenshena. Kazi yake ni kuiegemea belti saa zote, ikaze. Odhiambo akaweka spana akausukuma ule mkono, ukaenda bila kubisha na ukakawia kurudi. Akaizungusha ile puli na kidole, ikasaga kama unga wenye mchanga. Akasema, "Hii ndiyo mgonjwa. Belti ilikuwa inakulilia kwa ajili yake. Tubadilishe zote mbili."

Nikakataa. "Iliyoruka ni belti," nikamwambia. "Hiyo nyingine haijanikosea. Weka belti mpya tu." Nilifikiri ananiongezea mzigo kwa sababu mimi ni mwanamke. Akaweka belti mpya kwa tenshena nzee, akaniambia, "Tutaonana, mama." Na tukaonana. Kabla mvua hizo hazijaisha belti mpya ilikuwa imeliwa upande mmoja, nyuzi zinaning'inia. Hakunicheka mara hiyo. Afadhali angecheka.

Tangu siku hiyo hata nyumbani nasikiliza tofauti, Chebet, na hili halihusu gari. Nyuma kabla ya belti hiyo, mama yako alipoolewa hapa, alikuwa anabeba kikapu cha majani ya chai mpaka kituo cha kupima, na wewe uko tumboni. Akaanza kulia jioni kwamba mgongo unauma. Mimi nikamtengenezea chai ya maziwa mengi, nikamwambia maneno laini, wewe ni mwanamke hodari, sisi sote tulibeba. Akanyamaza. Nikajisifu kwamba nyumba yangu ina amani. Nilimwondolea kelele, sikumwondolea kikapu. Alipoanguka njiani na majani yakamwagika ndipo baba yako alianza kubeba yeye. Ulizaliwa mzima, Mungu ni mwema, lakini wema wa Mungu usiufanye kuwa tenshena.

Mama yako hajawahi kunilaumu. Sijui kama amesahau au amepakwa mafuta sana.

Basi. Sasa gari.

Ikilia asubuhi kukiwa na umande halafu ikanyamaza yenyewe, iache. Ikiendelea, au ikilia ukikunja usukani mpaka mwisho, ukiwasha taa na feni pamoja, hiyo imelegea. Kuna sauti nyingine kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga, ko-ko-ko, gari ikiwa imesimama inanguruma. Hiyo ni tenshena inaruka. Fungua boneti uangalie bila kugusa: mkono wake ukitetemeka kidogo ni sawa, ukirukaruka kama mbuzi si sawa. Ukitaka kujua zaidi, injini ikinguruma, dondoshea maji kidogo kwa ule upande wenye mistari, ukisimama mbali. Kelele ikizidi, imelegea. Ikinyamaza kidogo halafu ikarudi, basi kuna puli iliyokaa upande. Na hizo nywele zako za kusuka zinazofika kiunoni, funga! Belti haijui salooni.

Injini ikiwa imezimwa, ikunje belti kidogo uangalie mistari. Nyufa nyingi, vipande vimetoka, pembeni imechanika, au inang'aa kama kiatu cha mwalimu, imekwisha. Usingoje ikuhakikishie. Ukinunua mpya, badilisha na tenshena, na mwambie fundi asafishe puli zote mafuta kabla hajaivalisha. Hili usisahau, maana ni wewe umezipaka. Piga picha na simu yako njia ile belti inayopita, puli hii juu, ile chini. Simu yako ina picha zako za midomo elfu, moja ya belti haitaijaza. Weka belti ya ziada chini ya kiti.

Na taa ya betri ikiwaka barabarani na usukani ukawa mzito, usiseme nitafika tu. Simama mahali pazuri, zima. Injini bila maji inayozunguka inapika kichwa chake haraka kuliko unavyopika chai. Nani alikwambia ukiwa na haraka gari nayo ina haraka?

Hayo unaweza kuyajifunza hata bila mimi. Mzee Arap Rono ndiye sababu ya karatasi hii yote.

Baba yako nimemwita, ameifuta ile belti na puli na maji ya sabuni na kitambaa mpaka kitambaa kikawa cheusi. Amewasha. Imerudi kulia. Mbaya kama asubuhi. Amesema mkono wa tenshena unaruka na belti imeanza kuvimba. Hiyo si gari ya kubeba mgonjwa mpaka Longisa. Lakini kufika Litein ikiwa tupu, pole pole, itafika, na Odhiambo hufungua mapema.

Najua unachofikiria. Ukipitia Litein kesho, huenda usifike kwa Arap Rono kwa wakati. Ndiyo. Huenda usifike. Na unaogopa kwamba ukimpigia binti yake jioni hii, umwambie, "Dada, gari yangu ni mgonjwa, kwa safari hii tafuta nyingine," watasema huyu msichana ameshindwa kabla hajaanza. Pengine watasema. Lakini ukimwambia leo, ana muda wa kuzunguka kijiji kutafuta gari. Ukimwambia kesho mkiwa kando ya barabara, hana kitu ila baba yake na barabara.

Ningeweza kumpigia mimi. Nambari yake iko kwa simu yangu, na mimi siogopi mtu wa Mulot wala wa wapi. Nimeishika simu, nimeirudisha mfukoni. Kazi ni yako, abiria ni wako, na aibu hii ndogo ni yako pia. Ichukue ikiwa bado inaingia kwa mkono mmoja.

Usidhani nakushuku. Ningekushuku ningemwambia baba yako atoe betri, aende nayo kitandani. Wewe ndiwe uliyebaki na ng'ombe mkubwa usiku aliozaa vibaya, ukaingiza mkono wako wakati wanaume wanatafuta tochi. Mtu kama huyo anaweza kupiga simu. Ila mkono huohuo ndio ulioingia kwa kopo langu, kwa hivyo nakujua pande zote mbili, na gari bado nimekupa.

Mzee akipanda siku atakayopanda, mweke mbele. Wakitoka kwa mashine husikia baridi, blanketi la bluu nimeliweka nyuma ya kiti. Usimwongeleshe sana. Wewe huongea.

Kopo nimelirudisha kwa dirisha la zizi. Ufunguo uko juu ya meza, sijauficha. Kesho sitakusindikiza mpaka barabarani. Majani yamekomaa na mimi si mtu wa kusimama kwa lango nikipunga mkono kama niko kwa harusi. Nitakuwa shambani, upande wa juu, kikapu mgongoni.

Kutoka hapo mtu husikia vizuri gari ikifika njia panda. Inayoenda Litein hupanda. Inayoenda moja kwa moja Mulot hushuka. Washa, toka, na uiache ilie mbele ya majirani wote. Mimi nitasimamisha mikono nisikilize inapanda au inashuka.

Kogo wako